Herufi Moja Katika Nyota ya Dada Yangu

Kwa Kinyarwanda, inyota ni kiu. Nyota ya mbinguni tunaiita inyenyeri. Ndiyo maana katika mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwalimu aliposema kwamba baadhi ya Waswahili wakitaka kujua mambo yao ya mbele huulizia nyota zao, nusu ya darasa letu ilicheka. Tulisikia watu wanaulizia kiu zao. Baadaye tulizoea, tukajifunza kwamba neno hili lina kazi nyingi katika Kiswahili. Kuna nyota ya angani, kuna nyota ya begani mwa askari, na kuna nyota ya mtu, yaani bahati aliyozaliwa nayo. Anayependwa na watu husemwa kwamba ana nyota. Anayehangaika bila kufanikiwa husemwa kwamba nyota yake imefifia, au mbaya zaidi, kwamba imechukuliwa. Methali nayo inatuambia kuwa nyota njema huonekana asubuhi.

Insha hii inahusu maana hiyo ya tatu. Nataka kueleza unajimu ni nini na unafanywaje miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili. Nina sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunasoma ukurasa wa nyota katika magazeti ya Tanzania na Kenya kama zoezi la msamiati, bila kujua hesabu iliyo nyuma yake. Pili, mwaka jana ndoa ya dada yangu mkubwa ilisimama kwa miezi mitatu kwa sababu ya hesabu hiyo, na kumbe mwanafunzi wa lugha alikuwa na la kusema.

Nianze na maneno. Unajimu limetoka katika Kiarabu najm, yaani nyota. Falaki limetoka katika falak, njia ya mzunguko wa magimba ya angani. Katika Kiarabu cha leo elimu ya falaki ni sayansi ya anga, na utabiri wa nyota una jina lake. Katika Kiswahili mpaka huo umefutika. Sheikh anayepiga hesabu za mwezi mwandamo husemwa anajua falaki, na anayetazama kama wachumba wanapatana naye husemwa anajua falaki. Ramli ni jambo jingine. Asili ya neno hilo ni mchanga. Mpiga ramli huchora nukta kwa haraka bila kuzihesabu, kisha huangalia kila mstari kama umetoka na witiri au shufwa. Mistari minne hutoa umbo moja, na maumbo yote yanayowezekana ni 16. Huko ndiko lilikotoka neno kupiga bao, kwa sababu nukta zilichorwa juu ya ubao ulionyunyizwa mchanga.

Sisi wa Rwanda tusijione wageni katika mambo haya. Wazee wetu walikwenda kuraguza kwa umupfumu kabla ya safari, kabla ya ndoa au ugonjwa ulipozidi, naye alisoma matumbo ya kuku au alirusha inzuzi. Kitenzi chetu kuragura ni ndugu wa okulagula cha Waganda na wa kuagua cha Kiswahili. Kwa hiyo haja ya kuuliza ni ya kwetu sote tangu zamani. Kilichotoka ng'ambo ni hesabu ya nyota.

Hesabu hiyo ilianzia Babeli, Iraki ya leo. Wababeli waliona kwamba jua, mwezi na sayari hupita katika ukanda mmoja tu wa anga, na kufikia karne ya 5 kabla ya Kristo walikuwa wameugawa ukanda huo katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30. Hizo ndizo buruji. Wagiriki wakazipokea, na katika karne ya 2 Ptolemy wa Alexandria akaandika kitabu kilichotegemewa na wanajimu kwa zaidi ya miaka elfu. Wataalamu wa Baghdad wakachukua kutoka kwa Wagiriki, Waajemi na Wahindi. Mmoja wao, Abu Maashar wa Balkh, alifariki mwaka 886, lakini jina lake bado limo katika vijitabu vya falaki vinavyotumiwa pwani. Elimu hii ilivuka Bahari ya Hindi hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na Ngazija. Kisha ikafuata njia ya misafara hadi Ujiji, na kutoka huko ikasogea hadi Bujumbura na Kigali pamoja na Waswahili wenyewe.

Majina ya buruji kama yanavyoandikwa magazetini ni haya: Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke, Mizani, Nge, Mshale, Mbuzi, Ndoo na Samaki. Kwa mwanafunzi wa lugha orodha hii ni shamba lenye mavuno. Mashuke ni tafsiri ya Kiarabu sumbula, shuke la nafaka, na nyota yake inayong'aa kuliko zote inaitwa Spica, neno la Kilatini lenye maana hiyohiyo. Kaa kwa Kiarabu ni saratani, jina ambalo leo tunalisikia zaidi hospitalini. Punda ndiye anayenichekesha. Kwa Kiarabu mnyama huyo ni mwanakondoo, hamal, na wako wanaoandika Kondoo. Lakini Kiswahili tayari kina neno hamali, mchukuzi wa mizigo, na mimi nashuku kwamba kondoo aligeuka punda kwa sababu mtu fulani alifikiria mizigo. Kama nashuku vibaya, walimu wangu watanisahihisha.

Kuna njia mbili kuu za kumpa mtu nyota. Ya kwanza ni ya tarehe ya kuzaliwa, na ndiyo ya magazetini. Aliyezaliwa kati ya Machi 21 na Aprili 20 ni Punda, na kadhalika. Njia hii ilienea sana kwetu Afrika Mashariki kupitia magazeti, redio na televisheni, na jina lililojulikana kuliko yote lilikuwa la Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2011. Mnajimu mwenye bidii haishii kwenye tarehe. Huuliza saa na mahali ulipozaliwa, kisha huchora ramani ya anga ya dakika hiyo.

Njia ya pili ni ya majina, na ndiyo iliyofika kwetu nyumbani. Haihitaji tarehe. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kudumu kwake, kwani wazee wengi hawakuandikiwa siku waliyozaliwa, na vitambulisho vyao vinasema Januari 1. Kinachotakiwa ni jina lako na la mama yako. Majina huandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kila herufi ina thamani yake katika mpangilio unaoitwa abjadi. Alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, na kuendelea hadi ghaini ambayo ni 1000. Unajumlisha thamani zote, unatoa 12 mara nyingi iwezekanavyo, na kinachobaki ndicho nambari ya nyota yako. Kikibaki 1 wewe ni Punda, kikibaki 2 ni Ng'ombe, na isipobaki kitu ni Samaki.

Tuchukue mfano wa mtu anayeitwa Ali, mama yake Mariamu. Ali huandikwa kwa aini, lamu na ye: 70, 30 na 10, jumla 110. Mariamu huandikwa kwa mimu, re, ye na mimu: 40, 200, 10 na 40, jumla 290. Ukiviunganisha unapata 400. Katika 400 mna 12 mara 33, inabaki 4. Ali ni Kaa.

Nyota nazo zimegawanywa katika tabia nne. Punda, Simba na Mshale ni moto. Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni udongo. Mapacha, Mizani na Ndoo ni upepo. Kaa, Nge na Samaki ni maji. Wachumba wakitazamiwa, kanuni ya kawaida ni kwamba moto hupatana na upepo unaoupuliza, na maji hupatana na udongo unaoyanywa. Tabia moja kwa moja hupatana pia. Moto na maji ni uadui.

Sasa nieleze yaliyotupata. Mchumba wa dada yangu ni kijana wa Biryogo, Kigali, na bibi yake alizaliwa Ujiji. Wiki chache kabla ya gusaba, siku ambayo wazee wa mume huja kuomba mke kwa wazee wetu, dada alipata ujumbe wa simu ukimwomba jina kamili la mama yetu. Alidhani ni la kuandikwa kwenye kadi za mwaliko, akalituma pamoja na shukrani. Baada ya siku nne jibu likaja kupitia kwa baba mdogo wa yule kijana. Mwalimu mmoja wa falaki aliye ng'ambo ya mpaka alikuwa ameulizwa kwa simu, na hesabu ilikuwa imetoka mbaya: mume maji, mke moto. Katika nyumba hiyo, alisema, ama mwanamume atazimika ama mwanamke atakauka. Gusaba ingoje.

Ikangoja mwezi wa kwanza, kisha wa pili. Ng'ombe wa mahari alikuwa amekwisha kununuliwa. Baba yetu alisema kwamba hatambembeleza mtu amchukue binti yake. Mama alikwenda kwa imamu wetu, naye akamwambia waziwazi kwamba kutafuta ghaibu kwa nyota kumekatazwa. Majirani zetu Wakatoliki walisema kwamba padri wao anafundisha hivyohivyo. Baba mdogo alijibu kwamba yeye haabudu nyota, anachukua tahadhari tu, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika nguo. Dada aliacha kula chakula cha jioni. Usiku nilimsikia akimwambia mchumba wake kwenye simu, "Niambie tu kama na wewe unaamini." Jibu sikulisikia.

Muhula huohuo tulikuwa tunasoma historia ya maandishi ya Kiswahili. Mwalimu alitueleza namna waandishi wa pwani walivyotumia hati ya Kiarabu kwa karne nyingi, na shida waliyokutana nayo, kwamba Kiarabu hakina baadhi ya sauti za Kibantu. Hakina p, hakina ch, hakina g ya kawaida. Kila mwandishi alitafuta njia yake. Kwa g, wengi waliandika ghaini. Wengine walichukua kafu wakaiongezea alama. Msomaji aliyezoea Kiarabu cha Misri angeweza kuandika jimu, kwa sababu Wamisri hutamka herufi hiyo kama g. Nilikuwa naandika maelezo haya katika daftari langu kama mwanafunzi yeyote anayengoja mtihani, mara kalamu ikasimama. Jina la dada yangu la Kinyarwanda lina g.

Jina lake silitaji hapa kwa kuwa hakuniruhusu. Nitatumia jina la Kinyarwanda linalofanana nalo, Gasaro, na mama nitamwita Mariamu kama mama wa Ali. Andika Gasaro kwa ghaini, sini, alifu, re na wau: 1000, 60, 1, 200 na 6. Ongeza 290 ya mama, upate 1557. Inabaki 9, Mshale, moto. Badilisha ghaini uweke kafu, yenye thamani 20: jumla ni 577, inabaki 1, Punda, bado moto. Sasa weka jimu, yenye thamani 3: jumla ni 560, inabaki 8. Hiyo ni Nge, maji. Binti yuleyule, mama yuleyule, sauti ileile, na sasa yeye na Ali ni maji kwa maji, wanapatana kabisa.

Wala haikuishia hapo. Ile a ya kwanza katika Gasaro, unaiandika kwa alifu au unaiachia irabu ya juu ya herufi? Ukiandika alifu, umeongeza 1. Ghaini sasa inatoa Mbuzi, udongo. Kafu inatoa Ng'ombe, udongo tena. Jimu inatoa Mshale. Njia sita za kuandika jina moja zinatoa nyota tano na tabia tatu. Tena sijagusa swali la kuwa Mwislamu wa Rwanda huwa na majina mawili, la Kinyarwanda na la dini, na hesabu ya kila moja ni tofauti. Sijagusa pia kwamba abjadi ya Maghribi inaipa ghaini 900 badala ya 1000.

Nilichukua daftari nikaenda Biryogo kumwona bibi wa yule kijana. Nilikwenda peke yangu, bila kumwambia baba. Nilimkuta amekaa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Wewe ndiye mdogo wake?"

Nilimwambia ndiye. Tuliulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha nikamwuliza yule mwalimu wa ng'ambo aliandika jina la dada kwa herufi zipi.

"Herufi? Mimi nilimtajia kwa simu. Nikasema jina, nikasema la mama yake. Akasema ngoja, akapiga hesabu."

"Hakukuuliza linaandikwaje?"

"Hakuuliza."

Nikamwekea daftari mbele yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba mzee huyu anasoma herufi za Kiarabu haraka kuliko mimi, ingawa za Kilatini zinampa taabu. Alivaa miwani, akafuata hesabu yangu kwa kidole, mstari kwa mstari. Katika jaribio la pili alinisimamisha. "Hii ga unaivuta? Kama mnaivuta mkitamka, weka alifu. Kama hamuivuti, usiweke." Nikamwambia kwamba katika Kinyarwanda irabu ndefu na fupi zipo, lakini katika maandishi yetu ya kawaida hatuzionyeshi. Akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ya uzembe. Tulihesabu zote sita pamoja. Alipomaliza alivua miwani.

"Basi aliyeandika ndiye aliyeamua," alisema.

Nimesoma vitabu kadhaa kwa ajili ya shahada hii, na sijakuta sentensi inayoeleza jambo hili vizuri kuliko hiyo. Sikuwa na haja ya kumwambia kwamba nyota ni uongo, wala yeye hakusema hivyo. Alichokiona ni kwamba kabla ya nyota kusema chochote, kuna mtu amekwisha kuchagua. Mtu huyo hakutwambia kwamba amechagua.

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitafuta. Alisema kwamba tangu uchumba uanze, vijana walimletea swali moja tu, kwamba siku ya sherehe atavaa kitambaa cha rangi gani. "Nimezika mume, nimelea watoto saba na wajukuu, hakuna aliyeniuliza, bibi, unaonaje? Kwetu Ujiji mzee alikuwa anaulizwa. Mimi nikaona nami niulize mahali." Aliuliza, na jibu lilipokuja kila mtu katika ukoo alisimama kumsikiliza. Nilirudi nyumbani na daladala, na njia nzima sikuwaza abjadi.

Aliwapigia simu wanawe jioni ileile. Alisema hesabu haikukamilika, kwa hiyo hukumu haipo. Akaagiza sadaka ya mchele na nyama kwa watoto wa madrasa, kwa sababu hata katika taratibu za falaki zenyewe nuhusi haiachwi bila dawa. Kuna sadaka, kuna dua, kuna hata kumbadilisha mtu jina. Gusaba ilifanyika katika mwezi wa tatu, bibi akiwa mbele pamoja na wazee, kwa kitambaa cha rangi aliyoichagua mwenyewe. Baba mdogo hakuja. Hadi leo anasema kwamba tumemlaghai mzee kwa karatasi.

Wenzangu chuoni nilipowasimulia waliniuliza kama basi njia ya tarehe ina nafuu, maana tarehe haina tahajia. Hapana, nayo ina machaguo yake. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayozunguka, duara moja kwa takriban miaka 26,000, na Hipparchus wa Ugiriki alilitambua hilo katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Matokeo yake ni kwamba Machi 21, siku ambayo gazeti linafungua Punda, jua liko mbele ya nyota za Samaki. Wanajimu wa Ulaya hujibu kwamba wao wanahesabu kuanzia majira ya mwaka, si kuanzia nyota zenyewe. Wanajimu wa India husahihisha tofauti hiyo. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa Punda London na Samaki Mumbai.

Wengine waliniuliza kwa nini basi maelezo ya gazeti yanawagusa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia. Baadaye alimpa kila mmoja maelezo kumhusu, akawaomba wapime usahihi wake kuanzia 0 hadi 5. Wastani ulikuwa 4.26. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, ambayo Forer aliyaokoteza katika kitabu cha unajimu cha kuuzwa barabarani. Walikuwa wanafunzi kama sisi. Ukiambiwa kwamba una uwezo ambao bado hujautumia, nani atakataa?

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke akidhani kwamba babu zetu walitazama juu bure. Kuna kundi la nyota ambalo kwa Kiswahili linaitwa Kilimia, neno lenye asili moja na kulima. Wazulu na Waxhosa wanaliita isiLimela, Wagikuyu Kĩrĩmĩra. Ukubwa wa eneo hilo unaonyesha kwamba Wabantu walilitumia kundi hili kupima majira ya kilimo tangu zamani sana. Mabaharia wa majahazi nao walishika njia usiku kwa nyota. Nyota hizo zilifanya kazi kwa sababu zilisema jambo lilelile kwa kila aliyezitazama. Mkulima akikosea, mvua ilimsahihisha mwaka uleule. Nyota ya jina haina mvua ya kuisahihisha. Ndoa ya dada ikidumu, baba mdogo atasema ni sadaka. Ikivunjika, atasema nilisema. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwamba dada na shemeji wakigombana kama watu wote waliooana wanavyogombana, neno moto litakuwa limekaa nao mezani.

Katika bweni letu sasa najulikana kama mtu wa falaki, jina ambalo sikuliomba. Wasichana huja jioni na majina yao na ya mama zao, wakati mwingine na la mvulana fulani ambaye hawasemi ni nani. Siwafukuzi na siwahubirii. Nawapa kalamu waandike wenyewe kwa Kilatini, mimi nageuza kwa Kiarabu, na tunahesabu mara mbili kwa tahajia mbili. Wengi hucheka zinapotoka nyota mbili. Wiki iliyopita mmoja hakucheka. Aliangalia karatasi kwa muda mrefu, akauliza ipi ni ya kweli. Nilimwuliza yeye angependa iwe ipi, na kwa nini. Tulikaa kwenye ngazi hadi taa za bweni zikazimwa, na muda wote huo hatukuzungumza habari za nyota tena.